Leseni ya Washington yayumbisha soko la chipu

KATIKATI ya Aprili 2025, kampuni ya Nvidia ya California iliwaarifu wenye hisa wake kwamba serikali ya Marekani imeamua chipu yake aina ya H20 isiuzwe tena China bila leseni. Siku iliyofuata hisa za kampuni hiyo zilishuka kwa karibu asilimia 7 katika soko la Nasdaq. Hakuna kiwanda kilichoungua wala mteja aliyeshindwa kulipa. Mzigo ulikuwepo, oda zilikuwepo na wanunuzi walikuwa na fedha mkononi. Kilichokosekana ni kibali.

Hesabu za robo mwaka iliyoishia Aprili 27, 2025 zilionyesha gharama yake. Nvidia ililazimika kufuta dola za Marekani bilioni 4.5 kwa ajili ya bidhaa na ahadi za manunuzi ya H20 zilizokosa soko. H20 yenyewe ilikuwa imebuniwa makusudi ili ipite chini ya viwango vilivyowekwa na serikali hiyo hiyo mwaka 2023.

Kwa mwekezaji mdogo anayenunua hisa za nje kupitia dalali au simu yake ya mkononi, na kwa mfanyabiashara anayeagiza kompyuta kutoka Dubai au Guangzhou, tukio hilo lina somo moja. Bei ya bidhaa za teknolojia ya juu siku hizi haipangwi na mnunuzi na muuzaji peke yao. Yupo mtu wa tatu mezani, naye ni afisa wa leseni.

Sheria ya 2018

Chanzo cha mambo haya ni sheria ya kudhibiti mauzo ya nje iliyotiwa saini Marekani Agosti 13, 2018, ikiwa sehemu ya sheria ya bajeti ya ulinzi ya mwaka huo. Kifungu chake cha 1758 kiliiagiza serikali itambue teknolojia za aina mbili ambazo ni muhimu kwa usalama wa taifa na hazijawekewa udhibiti. Aina ya kwanza ni teknolojia chipukizi, yaani zile ambazo ndiyo kwanza zinatoka maabara. Ya pili ni teknolojia za msingi, yaani zile zilizokwisha kuzoeleka lakini ambazo bila hizo viwanda vya kisasa haviwezi kusimama.

Kazi hiyo ilikabidhiwa Idara ya Viwanda na Usalama, ijulikanayo kwa kifupi kama BIS, iliyo chini ya Wizara ya Biashara. Wizara za Ulinzi, Nishati na Mambo ya Nje nazo zina kauli. Sheria inataka mambo matatu yapimwe kabla ya kuweka udhibiti: teknolojia hiyo imefikia wapi katika nchi nyingine, udhibiti utawaathiri vipi Wamarekani wenyewe wanaoiendeleza, na kama udhibiti huo utazuia kweli isisambae.

Mambo hayo matatu ndiyo kiini cha mabishano yote yaliyofuata. Serikali ikifunga mlango mapema mno, wenye viwanda wa Marekani hukosa mapato ya kugharimia utafiti. Ikichelewa, bidhaa inakuwa imekwisha kufika kwa mshindani. Na ikifunga peke yake, mteja huvuka barabara akanunua duka la pili.

Makundi 14

Novemba 19, 2018 BIS ilitangaza makundi 14 ya teknolojia chipukizi na kuomba maoni ya umma. Humo mlikuwa na bayoteknolojia, akili mnemba, kompyuta za kwanta, roboti, uchapaji wa vitu kwa tabaka na vyombo vya kasi inayopita ya sauti mara nyingi. Wenye viwanda na vyuo vikuu walilalamika kwamba makundi hayo ni mapana mno na kwamba yangeweza kufunga hata utafiti wa kawaida wa darasani. Ombi la maoni juu ya teknolojia za msingi lilitoka baadaye sana, Agosti 27, 2020.

Mwendo ulikuwa wa kinyonga. Januari 2020 ilidhibitiwa programu ya akili mnemba ya kuchambua picha za satelaiti. Juni 2021, tume iliyoundwa na Bunge la Marekani kuchunguza uhusiano wa kiuchumi na China iliilaumu Wizara ya Biashara kwa kutotekeleza agizo la sheria ipasavyo. Mei 2022 BIS ikaamua kuacha kabisa kutenganisha "chipukizi" na "msingi". Ilieleza kwamba kubishana juu ya jina la kila teknolojia kunachelewesha kazi, na tangu hapo zote zikaitwa tu teknolojia za kifungu cha 1758.

Agosti 2022 vilifuata vitu vinne: malighafi mbili za kutengenezea chipu za umeme mkubwa, ambazo ni oksidi ya galiamu na almasi, programu ya kubunia chipu za kizazi kipya, na teknolojia ya mwako wa shinikizo inayofaa kwa injini za roketi. Septemba 2024 zikaongezwa kompyuta za kwanta na baadhi ya mashine za kutengenezea chipu.

Kivuli cha COCOM

Mtindo huu si mgeni. Tangu 1949 nchi za Magharibi zilikuwa na kamati yao ya pamoja iliyoitwa COCOM, iliyozuia mashine na kompyuta zisifike Urusi ya Kisovieti na washirika wake. Mwaka 1987 ilifichuka kwamba kampuni tanzu ya Toshiba ya Japani ilikuwa imewauzia Wasovieti mashine za kuchongea mapanga ya manowari. Mwenyekiti na rais wa Toshiba wote wawili walijiuzulu, ingawa kosa lilikuwa la kampuni tanzu. Wenye hisa walijifunza kwamba mzigo mmoja uliouzwa kwa mlango wa nyuma unaweza kuitikisa kampuni nzima.

COCOM ilivunjwa Machi 1994. Mahali pake palichukuliwa na Makubaliano ya Wassenaar yaliyoanza kazi 1996, ambayo sasa yana nchi 42. Kutoka Afrika imo Afrika Kusini peke yake. Uamuzi wake hupitishwa kwa kauli moja, na Urusi ni mwanachama. Ndiyo maana Washington ilipotaka kwenda kasi haikusubiri kikao, bali ilitangulia na kisha kuwabembeleza washirika wake mmoja mmoja.

Oktoba 7

Hatua iliyotingisha soko kuliko zote ilitangazwa Oktoba 7, 2022. Marekani ilizuia China isiuziwe chipu zenye nguvu za kufundishia akili mnemba, mashine za kuzitengeneza, na hata huduma za mafundi wa Kimarekani katika viwanda vya China vinavyotengeneza chipu za hali ya juu. Chipu za A100 na H100 za Nvidia zilinaswa.

Nvidia ilijibu kama mfanyabiashara yeyote angejibu. Ilipunguza kasi ya mawasiliano kati ya chipu na chipu, ikatoa A800 na H800 kwa soko la China. Oktoba 17, 2023 serikali ikaziba pengo hilo, na kampuni ikaja na H20. Aprili 2025 H20 nayo ikazuiwa. Agosti 2025 ikaruhusiwa kwa sharti ambalo halijazoeleka katika biashara: Nvidia na AMD zikubali kuipa serikali asilimia 15 ya mapato ya chipu hizo zinazouzwa China. Kwa upande wake, serikali ya China ilikuwa imekwisha kuwaita wakubwa wa Nvidia wajieleze kuhusu usalama wa H20. Desemba 2025 Rais Donald Trump alitangaza kwamba H200, iliyo na nguvu zaidi, itaruhusiwa kwa wateja walioidhinishwa, safari hii serikali ikichukua asilimia 25.

Katika mwaka wake wa fedha ulioishia Januari 2025, Nvidia ilipata China dola bilioni 17.1, sawa na asilimia 13 ya mapato yote ya dola bilioni 130.5. Hilo ni fungu kubwa kuachwa lining'inie kwenye saini.

Je, udhibiti ulizuia kilichokusudiwa? Agosti 2023 Huawei ilitoa simu ya Mate 60 Pro yenye chipu iliyotengenezwa na kampuni ya SMIC ya China, ya kiwango ambacho wengi waliamini kingechelewa. Kisha ikaja DeepSeek, kampuni ya China iliyoeleza Desemba 2024 kwamba ilifundisha programu yake kwa chipu 2,048 za H800, zile zile zilizopitia pengo la sheria. Habari zake zilipoenea, Januari 27, 2025, hisa za Nvidia zilianguka kwa asilimia 17. Karibu dola bilioni 589 za thamani ya kampuni zilitoweka kwa siku moja.

Wanaotetea udhibiti wana hoja pia. Wanasema DeepSeek ilitumia chipu zilizonunuliwa kihalali kabla ya pengo kuzibwa, kwa hiyo kosa ni ulegevu wa kanuni na si kanuni yenyewe. Wapinzani wao wanasema kila kizuizi kinaipa China sababu ya kujenga kiwanda chake. Soko halijaamua nani mkweli, na ndiyo maana bei zinayumba kila tangazo linapotoka.

Mashine za Uholanzi

Uthibitisho wa pili uko mbali na Marekani, katika mji wa Veldhoven, Uholanzi. Huko ndiko iliko ASML, kampuni pekee duniani inayotengeneza mashine za kuchora saketi za chipu kwa mwanga wa urujuanimno uliokithiri. Mashine hizo hazijawahi kupewa kibali cha kwenda China. Septemba 1, 2023 serikali ya Uholanzi ilianza kudai leseni hata kwa baadhi ya mashine za kizazi kilichotangulia. Japani ilikuwa imeweka udhibiti wake juu ya aina 23 za vifaa mwezi Julai mwaka huo huo.

Wanunuzi wa China waliona mlango unafungwa, wakakimbilia kujaza maghala. Katika robo ya pili na ya tatu ya 2024, China ilichukua karibu nusu ya mauzo ya mashine za ASML. Kwa asiyejua, hesabu hizo zilipendeza. Oktoba 15, 2024 kampuni ilipunguza matarajio yake ya 2025 na kusema China itarudi kwenye kiasi cha asilimia 20 ya mauzo. Hisa zikaanguka kwa takriban asilimia 16 siku hiyo.

Hapo pana funzo kwa mwenye kusoma mizania. Mauzo yanayopanda kwa sababu mteja anaogopa katazo la kesho ni mauzo ya kesho yaliyoletwa leo. Ni sawa na duka la sukari linalojaa wateja siku ya uvumi wa uhaba.

Mkono mrefu

Wafanyabiashara wengi hudhani kanuni za Marekani zinawahusu Wamarekani tu. Sivyo. Kanuni hizo zinaifuata bidhaa popote iendapo. Kwa nchi nyingi, bidhaa iliyotengenezwa nje ya Marekani huweza kunaswa ikiwa zaidi ya asilimia 25 ya thamani yake ni sehemu za Kimarekani zinazodhibitiwa. Kwa nchi chache kama Iran kiwango ni asilimia 10. Ipo pia kanuni inayonasa bidhaa isiyo na sehemu hata moja ya Kimarekani, mradi imetengenezwa kwa mashine au programu za Kimarekani. Hata kumwonyesha mhandisi mgeni asiye mkazi wa kudumu michoro inayodhibitiwa, ndani ya ofisi ya California, huhesabiwa kuwa ni kuuza nje.

Kampuni ya Seagate iliyaona hayo. Kati ya Agosti 2020 na Septemba 2021 iliiuzia Huawei diski zaidi ya milioni 7.4 wakati washindani wake walikuwa wamesimamisha mauzo. Aprili 2023 ilikubali kulipa faini ya dola milioni 300. Julai 2025 kampuni ya Cadence, inayouza programu za kubunia chipu, ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 140 kwa kukiuka kanuni hizo kuhusiana na China. Kwa kosa la jinai, sheria inaruhusu kifungo cha hadi miaka 20 na faini ya dola milioni moja kwa kila kosa.

Kwa mwagizaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hali si ya kutisha. Simu na kompyuta za kawaida za ofisini hazihitaji leseni maalumu ya Marekani kuja Afrika Mashariki. Hatari iko kwa yule anayeombwa na mteja asiyemfahamu aagize seva zenye chipu za akili mnemba kisha azipeleke nchi ya tatu. Bei nono kupita kiasi, mnunuzi asiyetaka huduma ya ufundi baada ya mauzo, na mzigo unaobadilishiwa anwani ukiwa bandarini ni dalili ambazo maafisa wa Marekani wenyewe huzitaja. Orodha ya kampuni zilizowekewa vikwazo iko wazi kwa kila mtu, na kuipitia kabla ya kulipa hakugharimu kitu.

Wachuuzi wa simu nao wanayakumbuka haya kwa njia nyingine. Huawei ilipoingizwa katika orodha hiyo Mei 2019, simu zake mpya zilizofuata, kuanzia Mate 30 ya Septemba mwaka huo, zilitoka bila huduma za Google. Simu ilikuwa nzuri, lakini mteja aliyezoea kupakua programu zake kwa njia ya Google aliona amenunua nyumba isiyo na mlango.

China yajibu

China nayo haikukaa kimya. Agosti 1, 2023 ilianza kudai leseni kwa mauzo ya galiamu na jemaniamu, madini yanayotumika katika chipu na mitambo ya mawasiliano. Desemba 1, 2023 ikafuata kinywe. Desemba 2024 ilipiga marufuku galiamu, jemaniamu na antimoni kwenda Marekani, na Aprili 4, 2025 ikadhibiti aina saba za madini adimu. Viwanda vya magari vya Marekani na Ulaya vilihisi upungufu ndani ya wiki chache. Baada ya Marais Trump na Xi Jinping kukutana Busan, Korea Kusini, Oktoba 30, 2025, pande zote mbili zilisitisha baadhi ya hatua zao kwa mwaka mmoja. Kusitisha si kufuta.

Hapa Afrika Mashariki inaingia moja kwa moja. Kinywe hutumika katika betri za magari ya umeme, na China ndiyo inayosafisha sehemu kubwa mno ya kinywe cha betri duniani. Tanzania ina akiba yake Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi, na jirani yake Msumbiji ana mgodi wa Balama. Kila Beijing inapobana leseni, wenye migodi hiyo hupata wasikilizaji wapya Marekani, Korea na Ulaya. Lakini mwekezaji asichanganye habari na mapato. Leseni ya China hufunguliwa siku yoyote, na mgodi huchukua miaka kujengwa. Aliyenunua hisa kwa sababu ya kichwa cha habari huweza kukuta kichwa kimebadilika kabla mashine ya kwanza haijafungwa.

Kanuni iliyokufa kabla ya kuanza

Januari 2025, siku chache kabla ya Rais Joe Biden kuondoka, BIS ilitoa kanuni iliyogawa dunia mafungu matatu katika ununuzi wa chipu za akili mnemba. Nchi 18 marafiki ziliachwa karibu huru. China, Urusi na wenzao walifungiwa. Nchi nyingine zote, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo, ziliwekewa ukomo, ingawa oda ndogo za hadi kiasi cha chipu 1,700 za kisasa hazikuhesabiwa katika ukomo huo. Kanuni ilikuwa ianze kufuatwa Mei 15, 2025. Siku mbili kabla, serikali mpya ilitangaza kuifuta.

Kwa eneo hili jambo hilo halikuwa la nadharia. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mradi wa dola bilioni moja Kenya, ukiwamo ujenzi wa kituo cha data kinachotumia umeme wa mvuke wa ardhini Olkaria. Machi 2025 kampuni ya Cassava ilitangaza mpango wa kuleta chipu za Nvidia Afrika Kusini na baadaye Kenya na nchi nyingine tatu. Miradi ya namna hiyo inahitaji ardhi, umeme na mtaji, lakini pia inahitaji kibali cha ofisi iliyoko Washington ambayo haina mpiga kura hata mmoja Naivasha.

Ya kutazama

Mwekezaji mwenye hisa za chipu, au mwenye sehemu katika mfuko unaozishika, anashauriwa kuuliza maswali machache kabla ya kuongeza fedha. Je, ni asilimia ngapi ya mapato ya kampuni inatoka China? Taarifa za mwaka hueleza. Je, mauzo hayo yamepanda ghafla kwa woga wa katazo? Je, bidhaa inayouzwa inategemea leseni inayoweza kufutwa kwa tangazo la siku moja? Na je, kampuni ina bidhaa nyingine ya kuibeba ikiwa soko hilo litafungwa?

Mfanyabiashara naye aandike katika mkataba nani atabeba hasara endapo kibali kitakataliwa mzigo ukiwa njiani. Malipo ya awali makubwa kwa msambazaji wa vifaa vinavyodhibitiwa ni kamari, hata kama msambazaji ni mwaminifu, kwa kuwa si yeye mwenye uamuzi wa mwisho.

Tarehe za kukumbuka mwaka 2026 ziko mwezi Novemba. Novemba 9 unakwisha muda wa kusitishwa kwa kanuni ya Marekani inayozihusisha kampuni tanzu zinazomilikiwa kwa asilimia 50 au zaidi na kampuni zilizo katika orodha ya vikwazo. Mwezi huo huo unakwisha muda wa China kulegeza marufuku ya galiamu, jemaniamu na antimoni. Mwenye mzigo wa kuagiza na mwenye hisa za kuuza wote wanajua sasa ni lini wapige hesabu zao upya.